Asili ya 'tietokone': Wafini walivyoipa kompyuta jina la kwao

LUGHA nyingi duniani zimelipokea neno la Kiingereza linalotaja kompyuta na kulibadili kidogo tu ili lilingane na matamshi ya wenyeji. Wafini hawakufanya hivyo. Wao huiita mashine hiyo 'tietokone', neno la herufi tisa ambalo msomaji wa Kiswahili anaweza kulitamka karibu kama lilivyoandikwa, isipokuwa mkazo wake huangukia silabi ya kwanza badala ya ile ya pili kutoka mwisho.

Neno hilo limeundwa kwa maneno mawili yaliyounganishwa. La kwanza ni 'tieto', lenye maana ya maarifa, ujuzi au taarifa. La pili ni 'kone', yaani mashine. Kwa hiyo tietokone ni mashine ya maarifa.

Kompyuta ya kwanza ilifika Ufini mwaka 1958, lakini maneno yaliyotumika kuipa jina ni ya kale mno. Moja lilianza safari yake barabarani na jingine lilitoka kwa waganga. Jinsi yalivyokutana ni sehemu ya historia ya taifa dogo lililoamua kwamba lugha yake itatumika shuleni, mahakamani, hospitalini na maabara, na siyo nyumbani na shambani peke yake.

Neno la mwisho ndilo mkuu

Kifini si ndugu wa Kiswidi, Kirusi wala Kiingereza. Kimo katika familia ya lugha za Kiurali, pamoja na Kiestonia, ambacho ni jirani yake wa karibu, na Kihangaria, ambacho ni jamaa wa mbali. Mojawapo ya sifa zake kubwa ni wepesi wa kuunganisha maneno mawili, matatu au zaidi na kupata neno jipya linaloandikwa bila nafasi katikati.

Katika maneno ambatano ya aina hiyo, neno la mwisho ndilo linaloeleza kitu chenyewe, na lililotangulia hueleza ni kitu cha namna gani. 'Kirja' ni kitabu na 'kauppa' ni duka, hivyo 'kirjakauppa' ni duka la vitabu. 'Rauta' ni chuma na 'tie' ni njia, hivyo 'rautatie' ni njia ya chuma, yaani reli. 'Sana' ni neno, na 'sanakirja' ni kitabu cha maneno, yaani kamusi. Hata neno la kutaja ulimwengu, 'maailma', limejengwa hivyo: 'maa' ni ardhi na 'ilma' ni hewa.

Mpangilio huo ni kinyume cha Kiswahili, ambacho hutanguliza kitu chenyewe kisha kufuatisha sifa yake. Mswahili husema barua pepe, akianza na barua. Mfini husema 'sähköposti', akianza na 'sähkö', ambalo maana yake ni umeme, na kumalizia na 'posti'.

Kwa kuwa mkuu wa neno hukaa mwisho, viambishi vya sarufi navyo hupachikwa mwishoni. 'Tietokoneessa' ni ndani ya kompyuta na 'tietokoneella' ni kwa kutumia kompyuta. Neno zima huchukuliwa kuwa kitu kimoja, na mzungumzaji wa kawaida hasimami kufikiri kwamba ametaja vitu viwili.

Kutoka njia hadi maarifa

Sehemu ya kwanza, 'tieto', inatokana na kitenzi 'tietää', yaani kujua. Wanaisimu wanakihusisha kitenzi hicho na nomino 'tie', ileile inayopatikana katika neno la reli, ambayo maana yake ni njia au barabara. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kitenzi hicho hapo awali kilimaanisha kuijua njia. Aliyejua ni yule aliyeweza kufuata njia bila kupotea.

Mabadiliko ya maana ya namna hiyo si ya ajabu kwa watu walioishi katika nchi yenye misitu mikubwa, maziwa maelfu na majira ya baridi ambayo theluji hufunika kila alama ya ardhini. Katika mazingira hayo, kuijua njia ni suala la uhai. Polepole kitenzi kilitoka kwenye njia ya miguu na kuenea hadi kila aina ya ujuzi, mpaka uhusiano wake na barabara ukasahaulika katika mazungumzo ya kila siku.

Katika mzizi huo pia limo neno 'tietäjä', yaani mjuzi. Katika jamii ya zamani, mtu aliyeitwa hivyo alikuwa mganga na mtaalamu wa maneno yenye nguvu, aliyeaminiwa kuponya jeraha kwa kutaja asili ya kitu kilichomdhuru mgonjwa. Anayetaka kutuliza jeraha la chuma alipaswa kwanza kujua chuma kilizaliwa vipi. Imani hiyo imejaa katika Kalevala, utenzi mkubwa uliokusanywa na kupangwa na Elias Lönnrot na kuchapishwa mwaka 1835, kisha kupanuliwa mwaka 1849. Shujaa wake mkuu, mzee Väinämöinen, anashindwa kumaliza kuunda mashua yake kwa sababu amepungukiwa na maneno matatu, na inambidi ayatafute hadi tumboni mwa jitu la kale.

Kabla ya enzi ya kompyuta, 'tieto' lilikuwa tayari limezoea kazi za kisomi. Kati ya mwaka 1909 na 1922 ilichapishwa ensaiklopidia kubwa ya Kifini iliyoitwa 'Tietosanakirja', jina lililounganisha maneno matatu: maarifa, neno na kitabu.

Mashine iliyoanza kama uganga

Sehemu ya pili, 'kone', ina historia ya kushangaza zaidi. Leo neno hilo ni la viwandani na majumbani. 'Pesukone' ni mashine ya kufulia, 'ompelukone' ni cherehani, 'kirjoituskone' ni taipureta na 'lentokone', yaani mashine ya kuruka, ni ndege. Msomaji aliyewahi kupanda lifti katika majengo marefu ya miji mikubwa huenda ameliona neno hilo limeandikwa ukutani mwa lifti yenyewe, kwa kuwa kampuni ya Kifini ya KONE, iliyoanzishwa mwaka 1910, ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa lifti duniani. Jina la kampuni hiyo ni mashine tu, bila nyongeza.

Hata hivyo, katika matumizi ya zamani neno hilo lilihusu uchawi na uganga: mbinu za siri na vifaa ambavyo mganga alivitumia kutimiza jambo lisilowezekana kwa nguvu za kawaida. Kutoka hapo maana ilisogea hadi chombo cha kufanyia kazi, na hatimaye hadi mashine.

Karne ya 19 ndiyo iliyolipa nafasi mpya. Mwaka 1820 Mskoti James Finlayson alianzisha mjini Tampere kiwanda ambacho baadaye kilikua na kuwa kiwanda kikubwa cha nguo, na mji huo ukawa kitovu cha viwanda vya Ufini. Vyombo vilivyosukumwa na maji na baadaye mvuke vilihitaji jina. Badala ya kuazima neno la Kiswidi, lugha ilikwenda kwenye ghala lake na kutoa neno lililokuwa limeanza kupoteza kazi kadiri uganga ulivyopungua.

Kwa hiyo, anayechambua mizizi ya tietokone anakuta njia upande mmoja na uganga upande wa pili. Hakuna Mfini anayefikiria hayo anapowasha kompyuta yake asubuhi, lakini historia hiyo imehifadhiwa ndani ya neno.

Lugha iliyopigania nafasi yake

Ili kuelewa kwa nini Wafini walikuwa na mazoea ya kuunda maneno, ni lazima kurudi nyuma. Kwa karne nyingi, hadi mwaka 1809, Ufini ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi. Utawala, mahakama na elimu ya juu viliendeshwa kwa Kiswidi na Kilatini. Kifini kilikuwa lugha ya wakulima, wavuvi na mahubiri ya Jumapili. Maandishi yake yalianza na Askofu Mikael Agricola, aliyetoa kitabu cha kufundishia kusoma mwaka 1543 na tafsiri ya Agano Jipya mwaka 1548. Baada yake lugha iliendelea kuandikwa, lakini zaidi kwa mahitaji ya kanisa na sheria.

Mwaka 1809 nchi iliingia chini ya himaya ya Urusi ikiwa na utawala wake wa ndani. Wasomi, wengi wao wakiwa wamelelewa kwa Kiswidi, walianza kuamini kwamba taifa lisingesimama bila lugha ya wananchi walio wengi. Shule ya kwanza ya sekondari iliyofundisha kwa Kifini ilifunguliwa mjini Jyväskylä mwaka 1858. Mwaka 1863 Tsar Aleksanda wa Pili alitoa amri iliyotaka Kifini kiwe sawa na Kiswidi katika shughuli za serikali zinazowahusu wananchi wanaokizungumza, na ikatoa muda wa miaka 20 kutekeleza jambo hilo.

Amri ilitolewa, lakini maneno yalikuwa hayajatosha. Hakimu hawezi kutoa hukumu, na daktari hawezi kuandika cheti, kwa lugha isiyo na istilahi za kazi yake. Ndipo ilipoanza kazi kubwa ya kuunda maneno. Lönnrot, ambaye kwa taaluma alikuwa daktari wa wilaya, anatajwa kuwa ndiye aliyebuni 'valtimo' kwa mshipa unaotoa damu moyoni na 'laskimo' kwa ule unaoirudisha. Kamusi yake kubwa ya Kifini na Kiswidi, iliyokamilika mwaka 1880, ilikuwa na maneno zaidi ya 200,000. Daktari mwingine, Samuel Roos, ndiye aliyetoa neno 'sähkö' kwa umeme mwaka 1845, akilitengeneza kutokana na maneno ya Kifini yanayoiga mlio wa kuchachatika na kumetameta kwa cheche.

Ufini ilipopata uhuru Desemba 6, 1917, lugha ilikuwa imekwisha kuzoea kujibu swali la kila kitu kipya: je, kitaitwaje kwa Kifini?

Ubongo wa umeme na mashine za hisabati

Swali hilo lilirudi katika miaka ya 1950, habari za mashine za ajabu za kukokotoa zilipoanza kufika kutoka Marekani, Uingereza na Ujerumani. Magazeti ya Ufini, kama yale ya nchi nyingine, yalipenda kuziita ubongo wa umeme, kwa Kifini 'sähköaivot'. Lilikuwa jina la kuvutia macho ya wasomaji, lakini liliwakera wataalamu, kwa kuwa lilidai mashine ina uwezo ambao haikuwa nao.

Wanasayansi walikuwa na jina lao la tahadhari zaidi. Mwaka 1954 iliundwa kamati ya kuiwezesha nchi kujenga mashine yake ya kwanza, nayo iliitwa 'Matematiikkakonekomitea', yaani Kamati ya Mashine za Hisabati. Kamati iliamua kufuata mfano wa mashine iliyokuwa ikibuniwa Göttingen, Ujerumani. Matokeo yake yaliitwa ESKO, jina ambalo pia ni la kawaida kwa wanaume wa Ufini, lakini ambalo hapa lilikuwa kifupi cha 'Elektroninen Sarjakomputaattori'. Wajenzi wa mashine hiyo waliipa jina lenye neno la kigeni.

ESKO ilikamilika mwaka 1960, na wakati huo teknolojia yake ilikuwa imekwisha kupitwa. Miaka miwili kabla, mwaka 1958, Benki ya Akiba ya Posta ilikuwa imepata mashine ya IBM 650 iliyopewa jina la utani 'Ensi', lenye maana ya ya kwanza. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kompyuta ya kwanza kufanya kazi nchini humo, na kazi yake ilikuwa ya kibenki.

Tofauti hiyo ya kazi inasaidia kueleza hatima ya maneno. Benki, ofisi za serikali na viwanda havikununua mashine ili vifanye hisabati za vyuo vikuu. Vilitaka kuhifadhi kumbukumbu za wateja, mishahara, akaunti na bidhaa. Jina la mashine ya hisabati likawa finyu. 'Komputaattori' lilikuwa refu na geni masikioni. Katika miaka ya 1960 'tietokone' ndilo lililoenea, na mengine yakabaki katika vitabu vya historia.

Jina lililoacha nafasi

Ubora wa neno hilo ulionekana zaidi baadaye. Kwa Kiingereza, jina la mashine hiyo hapo awali lilikuwa cheo cha binadamu: mtu aliyeajiriwa kukokotoa hesabu kwa mkono. Waestonia nao walifuata maana ya kukokotoa walipounda 'arvuti', ambalo lililishinda neno jingine la kubuniwa, 'raal'. Majina hayo yote yanatazama hesabu.

Lugha nyingine zilichukua njia tofauti. Mwaka 1955 kampuni ya IBM nchini Ufaransa ilimwomba ushauri mtaalamu wa Kilatini, Jacques Perret, naye akapendekeza 'ordinateur', yaani kinachopanga mambo. Nchini Iceland, msomi Sigurður Nordal aliunganisha neno la tarakimu na neno la mwanamke mtabiri wa hadithi za kale akapata 'tölva' katika miaka ya 1960. Nchini Uswidi, Börje Langefors alipendekeza 'dator' mwaka 1968, akilijenga juu ya neno la data.

Wafini, kwa kuchagua 'tieto', waliacha mlango wazi. Mashine ilipoanza kuandika barua, kutunza picha, kupiga muziki na kuunganisha watu, jina halikuhitaji kubadilishwa. Zaidi ya hapo, lilizaa jamaa. 'Tietokanta' ni hifadhidata, 'tietoverkko' ni mtandao wa taarifa, 'tietoturva' ni usalama wa taarifa. Mwanafunzi wa shule ya msingi anayekutana na maneno hayo kwa mara ya kwanza anaweza kukisia maana yake, kwa sababu vipande vyake vyote anavijua tangu nyumbani. Hiyo ndiyo faida kubwa ya istilahi iliyoundwa kwa maneno ya wenyeji: haimtaki mtu ajifunze lugha nyingine kabla ya kujifunza somo lenyewe.

Vijana nao hawakuliacha lilivyo. Katika lugha ya mitaani kompyuta iliitwa 'tietsikka', na mazungumzoni wengi husema 'kone' tu, kama vile hakuna mashine nyingine duniani.

Si kila neno hushinda

Hata hivyo, itakuwa makosa kudhani kwamba Wafini hukataa kila neno la kigeni. Lugha yao ina 'pankki', 'posti', 'auto' na 'radio'. Televisheni ilipoingia, lilikuwapo neno la kienyeji 'näköradio', yaani redio ya kuona. Liliandikwa na kutumika, lakini watu wakachagua 'televisio'. Katika simu mambo yalikwenda kinyume: 'puhelin', linalotokana na kitenzi cha kuongea na mwenzio, ndilo lililodumu.

Vyombo vya lugha vipo. Kituo cha istilahi kilianzishwa mwaka 1974 na taasisi ya taifa ya utafiti wa lugha mwaka 1976. Vyombo hivyo hushauri, hukusanya na kusanifu. Lakini ushindi wa 'tietokone' na kushindwa kwa 'näköradio' unaonyesha kwamba uamuzi wa mwisho hutolewa na watumiaji. Neno hupita likiwa fupi kiasi cha kutamkika, wazi kiasi cha kueleweka, na likifika mapema kabla watu hawajazoea jingine.

Wasemaji wa Kiswahili wanalijua jambo hilo kwa uzoefu wao. Kwa mashine hiyohiyo yalipendekezwa maneno 'ngamizi' na 'tarakilishi'. La kwanza halikuenea, la pili linatumika zaidi nchini Kenya, hasa shuleni na kwa baadhi ya waandishi, na 'kompyuta' ndilo lililoshika kwa wengi. Lakini 'tovuti', 'mtandao' na 'barua pepe' yalipokewa bila ubishi mkubwa, na leo hata asiyejua yalitoka wapi huyatumia kila siku.

Lugha hizo mbili, ambazo kwa asili hazina undugu wowote, zimekutana pia ndani ya mashine yenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Profesa Arvi Hurskainen aliongoza kazi ya kuifundisha kompyuta kuchanganua sarufi ya Kiswahili kupitia mfumo ulioitwa SALAMA, na hazina kubwa ya matini za Kiswahili ikakusanywa huko kwa matumizi ya watafiti. Mamilioni ya maneno ya Kiswahili, mengi yakitoka katika magazeti, yamehifadhiwa katika kile ambacho wenyeji wa Helsinki wanakiita mashine ya maarifa.

Idadi ya watu wa Ufini ni takriban milioni 5.6, na si wote ambao Kifini ni lugha yao ya kwanza.  Lakini mtoto wao anaweza kusoma kuanzia chekechea hadi shahada ya juu ya sayansi ya kompyuta akitumia neno ambalo bibi yake wa kijijini angeweza kulifafanua, kwa kuwa bibi naye anajua 'tieto' ni nini na 'kone' ni nini. Kilichobaki kujifunza ni mashine yenyewe.